Mtoto amepata kiungo bandia: nani anamfundisha mwenzake?

Oktoba 2008, katika kijiji cha Ntobeye, wilayani Ngara, Mariamu Staford alivamiwa usiku akiwa amelala nyumbani kwake. Alikuwa mjamzito. Waliomvamia walimfuata kwa sababu ya ualbino wake. Alipoteza mikono yote miwili, na mimba ikatoka.

Kisa hicho amekisimulia mwenyewe hadharani mara nyingi, ndani na nje ya nchi. Sehemu isiyozungumzwa sana ni ile iliyofuata. Shirika la Under the Same Sun, lililoanzishwa na Peter Ash, raia wa Canada ambaye naye ana ualbino, lilimsaidia kufika Marekani, akatengenezewa mikono ya bandia. Msikilizaji akifika hapo hushusha pumzi. Amepata mikono, Mungu mkubwa, yameisha.

Hayajaisha. Mkono wa nyama mtu huuzoea akiwa mtoto mchanga, na hakuna anayekumbuka vikombe alivyoangusha akijifunza. Mkono wa bandia unakuja mtu akiwa mama wa watoto, au mtoto akiwa darasa la pili, na vikombe vinaanza kuanguka upya. Mariamu baada ya yote yale alijifunza hata kufuma kwa mashine, na neno la kushika hapo ni hilo "alijifunza". Mzazi asiyelijua mapema hukata tamaa wiki ya tatu, na kiungo kilichotafutwa kwa michango ya ukoo mzima huishia uvunguni mwa kitanda.

Wala si huku kwetu tu. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Toronto, Canada, Elaine Biddiss na Tom Chau, walipitia tafiti za miaka 25 kuhusu mikono ya bandia. Kwa watoto, wastani wa walioiacha ulikuwa asilimia 45 kwa mikono inayovutwa kwa waya, na asilimia 35 kwa ile ya umeme. Kwa watu wazima ilikuwa asilimia 26 na 23. Nyingi ya tafiti hizo zilitoka nchi tajiri, ambako fundi yuko karibu na usafiri si tatizo.

Waya begani

Mkono wa bandia ulio rahisi kuliko yote ya kufanya kazi una mkanda unaopita mgongoni hadi bega la pili, na waya unaoshuka hadi kwenye kulabu au kiganja. Mvaaji akisukuma bega mbele, waya unakazwa na kulabu inafunguka. Akilegeza, mpira unaifunga. Hakuna betri wala chaji.

Wazazi wengi wakiiona kulabu hawaipendi. Wanataka mkono wenye vidole, unaofanana na ule uliopotea. Inaeleweka, lakini waya una faida ambayo mikono mingi ya bei kubwa haina: mvaaji anauhisi. Uzito unaorudi begani humwambia ameshika nini na kwa nguvu gani. Baada ya wiki kadhaa bega linajua lenyewe, kama mkono wa mwendesha baiskeli unavyojua breki zake. Kwa familia inayolima migomba kwenye miteremko ya Rulenge au Kabanga, penye vumbi kiangazi na tope masika, kifaa kisichohitaji umeme na ambacho hata fundi wa baiskeli anaweza kukibadilishia waya si cha kudharau.

Mkono wa umeme hufanya kazi kwa njia nyingine. Misuli iliyobaki kwenye mkono uliokatwa bado inatii ubongo. Mtu akikusudia kufunga ngumi ambayo hana tena, misuli hiyo inakaza na kutoa umeme mdogo mno, unaopimwa kwa sehemu ya elfu ya volti. Sensa zinazogusa ngozi zinausoma, na mota inafunga vidole vya bandia.

Mikono ya umeme ya zamani ilijua mambo mawili: msuli huu ukikaza fungua, ule ukikaza funga. Mipya ina kompyuta ndogo inayosoma misuli mingi kwa pamoja na kujaribu kutambua kusudio la mwenye mkono. Ila kompyuta hiyo haiji ikijua. Mvaaji anakaa na mtaalamu, anaambiwa "funga ngumi", na kompyuta inaandika jinsi misuli ilivyokaza. "Fungua." Inaandika. "Geuza kiganja kama unayemwaga maji." Inaandika tena. Zoezi linarudiwa mpaka kompyuta ianze kukisia vizuri.

Kesho yake inakosea. Jasho limebadilisha ngozi. Misuli imechoka. Mtoto amenyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, wakati mazoezi yote yalifanyika mkono ukiwa mezani, na umeme wa misuli si uleule. Hapo mvaaji naye inabidi ajifunze: kukaza bila kupitiliza, kukaza vilevile kila mara, na kutofautisha kabisa "funga" na "geuza". Kompyuta inamfundisha yeye kadiri yeye anavyoifundisha. Baadhi ya mikono ya sasa hujirekebisha yenyewe ikiwa imevaliwa, mingine hurudiwa kufundishwa kwa dakika chache mvaaji anapoona imeanza kupotea.

Penye kujirekebisha ndipo penye mtego. Waliowahi kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili wanaujua. Wa juu akibadilisha mwendo, wa chini humfuata. Lakini wote wawili wakibadilisha kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake, msumeno unakwama. Mkono unaojirekebisha haraka kupita kiasi humchanganya mvaaji aliyekuwa ameanza kuuzoea. Ndiyo maana watengenezaji hupendelea kifaa kibadilike polepole, binadamu apate kukifuata.

Goti linalohesabu hatua

Kwa miguu hadithi ni hiyohiyo. Mwaka 1997 kampuni ya Ujerumani ya Otto Bock ilitoa goti la bandia liitwalo C-Leg, ambalo sensa zake zilipima mwendo mara 50 kila sekunde na kuamua goti likaze au lilegee. Miaka michache baadaye, utafiti uliofanyika MIT huko Marekani ulizaa goti lililokwenda mbele zaidi: lilijifunza mwendo wa aliyelivaa kadiri alivyotembea, bila fundi kulipangia kila kitu. Mmoja wa waliolibuni ni Hugh Herr, mwanasayansi ambaye mwenyewe alikatwa miguu yote miwili chini ya goti, baada ya kupotea kwenye barafu mlimani akiwa kijana mwaka 1982.

Magoti kama hayo bei yake ni ya gari, tena si gari bovu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata, wakati katika nchi tajiri inafika asilimia 90. Mtoto wa Biharamulo aliyepoteza mguu hatapewa goti lenye kompyuta. Akibahatika atapata mguu wa plastiki wenye goti la kawaida, wa aina ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeieneza katika nchi nyingi.

Ni mguu mzuri. Unabeba mtu, unalima, unacheza. Lakini haujirekebishi. Anayeurekebisha ni fundi, kwa ufunguo wake mdogo wa kukazia skrubu, akiuinamisha kidogo huku na kuugeuza kidogo kule. Kompyuta ya mguu huo ni fundi. Sasa, kompyuta bila sensa haijui kitu, na fundi huyo yuko mbali. Humwona mtoto saa moja, kwenye sakafu tambarare ya hospitali. Hamwoni akipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, wala akikimbilia namba shuleni.

Anayemwona ni mama, baba, bibi, au kaka anayetembea naye kwenda shule. Hao ndio sensa.

Kabla mguu haujafika

Mguu hupotea kwa njia nyingi. Kati ya Nyakanazi na Lusahunga malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, na bodaboda hupenya katikati yake. Kuna kisukari, kuna nyoka, kuna kidonda kilichotibiwa kwa majani hadi mfupa ukaoza. Njia yoyote ile, baada ya upasuaji hufuata miezi ya kungoja, na ni miezi hiyo inayoharibu watoto wengi kimyakimya.

Mtoto aliyekatwa mguu chini ya goti hukaa. Anakaa mkekani, anakaa kwenye kiti, usiku anawekewa mto chini ya goti kwa sababu anamwonea mama huruma akimwona amelala vibaya na mama naye anamwonea huruma yeye. Goti linazoea kukunjwa. Misuli ya nyuma inafupika. Siku ya kupimwa inapofika goti halinyooki tena, na mguu wa bandia uliotengenezwa kwa goti lisilonyooka ni mateso, au hautengenezeki kabisa.

Dawa yake haina gharama. Goti linyooshwe kila linapopumzika, na mto usiwekwe chini yake. Mtoto alale kifudifudi kama robo saa hadi nusu saa, mara kadhaa kwa siku, ili nyonga nayo isijikunje. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kifungwe bandeji ya kuvutika kama wauguzi walivyoelekeza, kazo kubwa likiwa mwishoni na kulegea kuelekea juu, uvimbe upungue. Familia inayofanya hivi miezi mitatu humpelekea fundi mguu unaofanyika kazi.

Mtoto naye anaweza kulalamika kuwa vidole ambavyo havipo vinamwasha au vinamuuma. Si mashetani, na hadanganyi. Ubongo bado unavitafuta vidole vyake. Mtafiti V. S. Ramachandran alionyesha katika miaka ya 1990 kuwa kioo cha kawaida kinaweza kuwasaidia baadhi ya watu: kinasimamishwa katikati ya miguu, mtoto anatazama mguu mzima ndani yake na kuuchezesha taratibu, na ubongo unapata kuona "mguu" uliopotea ukitii. Kioo cha ukutani kinatosha.

Safari za Mwanza

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya Bugando jijini Mwanza ina karakana ya viungo bandia. KCMC ya Moshi iko mbali zaidi, na hapo ndipo kilipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 na kufundisha wataalamu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Anayetoka Ngara kwenda Mwanza hupita Nyakahura, akashika njia ya Geita na Sengerema hadi Busisi. Zamani alingoja kivuko hapo, pengine masaa. Tangu Juni 19, 2025 kuna Daraja la Kigongo-Busisi, la takriban kilomita 3, na basi linapita moja kwa moja.

Hata hivyo safari moja haitoshi, na hili ni bora lijulikane nyumbani kabla ng'ombe hajauzwa. Kwanza kigutu hufungwa hogo ili kupata umbo lake. Kutokana na umbo hilo hutengenezwa soketi, ule mfuko mgumu wa plastiki unaokivaa kigutu. Mtoto anajaribishwa, anafundishwa kutembea, anarudi nyumbani. Kisha kigutu kinaendelea kusinyaa kwa miezi, soketi inapwaya, na lazima arudi. Mwenye kutenga nauli ya kwenda mara moja tu amenunua nusu ya mguu. Kupiga simu kabla ya kusafiri, kuuliza kama fundi yupo na vifaa vipo, kumeokoa nauli ya wengi.

Na viatu vya shule viende naye. Fundi hupanga mguu kulingana na urefu wa kisigino cha kiatu. Mtoto akipimwa na kandambili kisha Jumatatu akavalishwa kiatu chenye kisigino, mguu mzima unaegemea mbele, goti linataka kukunja, na anaanza kuanguka bila mtu kujua sababu. Kandambili yenyewe ni taabu, maana kidole cha plastiki hakikamati. Sandali yenye mkanda wa nyuma ni afadhali. Fundi aambiwe pia kuwa nyumbani ni mlimani. Nyayo nyingi za bandia hazikunji kifundo, na mteremko wa Ngara si korido ya hospitali.

Mwanzoni mguu huvaliwa nusu saa hadi saa moja, unavuliwa, ngozi inatazamwa. Wekundu unaoondoka ndani ya dakika kama kumi ni wa kawaida. Usioondoka, au lengelenge, au kidonda, maana yake mguu uwekwe kando na fundi atafutwe. Muda unaongezwa siku hadi siku. Jioni kigutu huoshwa kwa sabuni na maji, kikaushwe kabisa, na soketi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Asubuhi kigutu hakilingani na cha jioni, kwa hiyo soksi zake huongezwa au kupunguzwa. Mtoto wa miaka minane anaweza kujifunza kuhesabu soksi zake mwenyewe, na akijua hilo tu, mguu umeanza kuwa wake.

Walimu waambiwe mapema. Mwalimu anayejua atamruhusu mwanafunzi avue mguu kwa dakika chache wakati wa mapumziko, na atazima mzaha darasani kabla haujaota mizizi.

Mtoto hakui na plastiki

Mwaka 2015 kundi la watoto wa Kitanzania wenye ualbino, waliokatwa mikono katika mashambulizi ya namna ile ya Ntobeye, lilipelekwa New York na mfuko wa Global Medical Relief Fund wa Elissa Montanti. Walitengenezewa mikono katika hospitali ya watoto ya Shriners, Philadelphia. Walirudi Tanzania wakiwa nayo. Mwaka 2017 wengi wao walipanda ndege tena kwenda kutengenezewa mingine, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imewabana. Walikuwa wamekua.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mtoto hadi miaka mitano huhitaji kiungo kipya karibu kila mwaka, kati ya miaka mitano na kumi na miwili kila baada ya miaka miwili hivi, na baadaye kila mitatu au minne hadi awe mtu mzima. Tena kwa mtoto, mfupa uliokatwa katikati unaweza kuendelea kukua na kusukuma ngozi kwa ndani, hata ukahitaji kupunguzwa tena na daktari. Na kila kiungo kipya ni shule mpya, ingawa mara ya pili huwa rahisi.

Hakuna kurithishana kama sare. Soketi imefinyangwa kwa mtoto mmoja. Fundi anaweza kutumia tena bomba au unyayo, lakini soketi ya dada haimfai mdogo wake hata wakilingana kwa kimo. Katika hospitali ya CoRSU huko Kisubi, Uganda, wamejaribu kupima watoto kwa skana na kutengeneza soketi kwa mashine za kuchapa, ili kazi ya siku nyingi ipungue. Mikoani kwetu bado ni hogo na mikono ya fundi.

Kwa hiyo kazi inarudi kwa sensa wa nyumbani. Daftari la kurasa 40 linatosha. Lini alianguka, na alikuwa akipanda au akishuka. Soksi ngapi asubuhi, ngapi jioni. Wekundu uko upande gani. Anauvua mguu akifika tu nyumbani, au anausahau mpaka wakati wa kuoga? Fundi akisomewa hayo hujua pa kushika ufunguo wake hata kabla mtoto hajasimama.

Na mara moja kwa mwezi mtoto asimamishwe kwenye fremu ya mlango, amevaa mguu wake na viatu vyake vya shule, mzazi aliye nyuma yake akiweka mikono juu ya mifupa miwili ya nyonga. Mikono ikilingana, alama ya mkaa inachorwa mlangoni na tarehe pembeni. Wa upande wa bandia ukishuka chini ya mwenzake, ni wakati wa kupiga simu Mwanza.